Sote tumesoma, mbona hakuna aliyeusoma mkataba?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhazini wa kikoba cha akina mama 22, tunauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza. Tulikopa kwa mtu wa mikopo ya haraka, kila mmoja shilingi 300,000. Mkataba ulikuwa wa Kiswahili, kurasa nne. Sote tumesoma, wengi hadi darasa la saba na watano wana kidato cha nne, lakini hakuna aliyeusoma. Tuliambiwa riba ni asilimia 10, tukajua ni ya mwezi. Kumbe ni ya wiki. Nimeangalia na nyumbani kwangu: mume wangu mvuvi hasomi kitu, mwanangu wa kidato cha pili ni simu tu, na mimi mwenyewe tangu nimalize shule sijamaliza kitabu hata kimoja. Je, ni kweli watu wameacha kusoma na jambo hili linatuumiza, au ni lawama za wazee kwa vijana? Kama ni kweli, tuanzie wapi? Na mtoto nimnunulie vitabu vya Kiingereza au vya Kiswahili?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Poleni sana. Niruhusu nianze na deni kabla ya vitabu, maana anayezama hafundishwi kuogelea, anavutwa kwanza.

Asilimia 10 kwa wiki juu ya shilingi 300,000 ni shilingi 30,000 kila wiki. Kwa wiki 12 kila mama anakuwa ametoa 360,000 za riba peke yake, na mkopo wenyewe bado upo palepale. Hiyo ndiyo kausha damu, mkopo wa riba inayomnyonya mtu hadi mwisho. Sasa sikiliza: mtu anayekopesha kwa biashara anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kwa wakopeshaji wasiopokea amana, yaani wasioweka akiba za watu, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu zenu hiyo ni shilingi 10,500 kwa mwezi mzima. Linganisheni wenyewe. Benki Kuu ina tawi hapahapa Mwanza. Nendeni watatu au wanne na nakala ya mkataba, mkaulize kama mtu huyo ana leseni. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nao hawatozi asiye na uwezo. Na wanaowacheka waambieni hivi: kutosoma kwenu hakumsafishi aliyewategea. Mwenye kosa ni aliyetega.

Hilo likishafanyika, turudi kwenye ulichouliza, maana umeuliza jambo ambalo limenikalia moyoni miaka mingi.

Nimeisoma picha ya mkataba uliyonitumia. Riba imeandikwa ukurasa wa tatu, kifungu cha 7, katika sentensi moja: mkopaji atalipa riba ya asilimia kumi kwa kila juma au sehemu ya juma, ikikokotolewa kwa mkopo wa awali, hadi deni lote litakapokuwa limelipwa. Isome polepole. Kila juma, yaani si mwezi. Sehemu ya juma, yaani ukichelewa siku moja tu unahesabiwa wiki nzima. Mkopo wa awali, yaani hata ukisharudisha laki mbili na nusu bado riba inahesabiwa kwa laki tatu zote. Mitego mitatu ndani ya sentensi moja, na hakuna neno hata moja pale ambalo mama yeyote kati yenu halijui. Juma mnalijua. Sehemu mnaijua. Awali mnaijua. Kwa hiyo msikubali kuambiwa hamjui kusoma. Kusoma mnajua. Mlichokosa ni pumzi ya kusoma kutoka mwanzo wa ukurasa hadi kifungu cha 7, mkasimama hapo, mkajiuliza kinachosemwa ni nini hasa.

Pumzi hiyo haiji na cheti. Kiswahili chetu kina baraka ambayo pia ni mtego: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishashika silabi anaweza kukusomea karibu neno lolote, hata asilolielewa. Mzazi anasikia sauti inatiririka, anashukuru Mungu, mtoto anajua kusoma. Juzi nilikaa na kijana wa kidato cha pili, jirani yangu, anayeipenda Pamba Jiji kupita kiasi. Nikampa habari ya gazeti ya aya sita kuhusu mechi ya timu yake. Akaisoma kwa sauti nzuri, hakukwama popote. Nikamuuliza kwa nini kocha alimtoa winga wa kulia. Akasema, “Haijaandikwa.” Iliandikwa, aya ya nne. Nikamrudisha pale, akaisoma tena, bado hakuiona, kwa sababu jibu lilikuwa limegawanyika kwenye sentensi mbili zinazofuatana, na alipofika ya pili ya kwanza ilikuwa imeshamtoka kichwani. Mara ya tatu akashtuka, akacheka, akasema, “Kumbe!” Huyo si mtoto mzito. Ni mtoto ambaye hajawahi kusoma kitu kirefu kwa sababu anakitaka.

Kichwa cha mtu hubeba vitu vichache kwa wakati mmoja. Anayesoma mara chache hutumia nguvu nyingi kuyatambua maneno yenyewe, na inayobaki ya kuunganisha maana ni kidogo. Anayesoma kila siku huyaona maneno kama unavyoyaona macho ya dagaa ukajua ni wa leo au wa juzi: hufikirii, unaona tu. Nguvu zako zote zinabaki kwenye bei. Ndivyo mlivyojifunza kazi yenu, kwa kuirudia, na wala hakuna aliyewapa mtihani.

Sasa, je, tumeacha kusoma kweli? Mimi nasema ndiyo, na nasema kwa uchungu, kwa sababu ukanda huu wa ziwa ulikuwa mbele. Kati ya 1968 na 1972 UNESCO na Serikali yetu waliendesha hapa Kanda ya Ziwa mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, makao yake yakiwa Mwanza. Walikiita kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, watu wa migombani kwa kitabu cha migomba. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, Ukerewe ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizopewa kazi ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma mapema kuliko nchi nzima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wanakusanyika chini ya mti, redio inazungumza, kitabu kinafunguliwa, wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba choo. Walioshiriki walikuwa takriban milioni mbili. Hapa Mwanza lilikuwa likitoka gazeti la wasomaji wapya kwa herufi kubwa, jina lake Elimu Haina Mwisho. Kufikia 1986 takwimu za Serikali zilisema zaidi ya watu wazima 90 katika kila 100 wanajua kusoma na kuandika.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alijifunza akiwa na watoto wanne, darasa la jioni, na kitabu chake cha pamba alikihifadhi kwenye sanduku pamoja na kanga za harusi. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinisomea ukurasa wa kunyunyizia dawa kana kwamba ni hadithi ya Sungura na Fisi. Nilipokua nikagundua kuwa baada ya kitabu kile hakuwahi kupata kingine. Ndipo uzi ulipokatika. Hali ya uchumi ilipobana miaka ya 1980, karatasi ikawa adimu, vitabu vikapanda bei, maktaba za vijiji zikabaki kabati lililofungwa kwa kufuli na panya ndani. Tuliwafundisha watu kusoma, kisha hatukuwapa cha kusoma. Mtu akifundishwa kupiga kasia na mtumbwi ukaondolewa, baada ya miaka kumi mikono inasahau.

Kwa hiyo wanaosema simu ndiyo iliyoua usomaji, mimi siungani nao kabisa. Simu ilimkuta mgonjwa kitandani. Kabla yake shule ilishafanya kitabu kuwa kitu cha mtihani: unakisoma ili ujibu, ukishajibu unakigawa au unafungia vitumbua. Na mtoto wetu anasoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila kitu ni Kiingereza, anaanza upya kubabaisha silabi akiwa na miaka 14, mwaka uleule ambao angeanza kufurahia vitabu virefu. Wengi hapo ndipo wanapoaga kusoma, na hakuna anayeona, maana bado wanavaa sare na wanakwenda shule.

Simu ina kosa lake, hata hivyo. Siku nzima tunasoma, lakini vipande: meseji mistari miwili, kichwa cha habari bila habari, na siku hizi hata hivyo vipande tumevichoka, tunatumiana sauti. Kule Norway mwaka 2013 watafiti waliwapa wanafunzi 72 wa darasa la kumi maandishi yaleyale, wengine kwenye karatasi na wengine kwenye kompyuta; wa karatasi walielewa vizuri zaidi. Jicho kwenye kioo lina haraka, linateleza. Mkataba uliopigwa picha ukatumwa kwenye kundi la kikoba ni rahisi sana kuupitia kwa kidole ukajibu “sawa”.

Na madhara, dada, hayaishii kwenye mikopo. Mwaka 2024 Serikali ilipopumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nilipigiwa simu na kijana mwenye mtumbwi Igombe, hapa kwetu Ziwa Victoria, ana wasiwasi kweli, anataka kujua tunafungwa lini. Alikuwa amesikia sauti kwenye simu. Nikamwambia afungue tangazo lenyewe alisome. Jina la ziwa lilikuwa mstari wa kwanza. Mtu asiyesoma mwenyewe anaishi kwa kusimuliwa, na anayesimulia ana haraka zake, au ana bidhaa ya kuuza, au anatafuta kura. Kikao cha mtaa kikisomewa mapato na matumizi kwa dakika tatu, wote wanapiga makofi, karatasi inarudi kwenye faili. Mgonjwa anatoka dukani na dawa, anauliza jirani anywe ngapi, na maelezo yamo ndani ya boksi. Uchungu mwingine hauonekani hata kwa macho: watoto wetu wanapungukiwa maneno. Mtu asiye na maneno ya kueleza alichodhulumiwa hupiga ngumi au hunyamaza.

Nikutajie jambo moja linaloniliza kila nikivuka kwa kivuko kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Kwenye kisiwa kile alizaliwa Aniceti Kitereza, mwaka 1896. Alikaa akaandika kwa Kikerewe habari za maisha ya watu wake, ndoa yao na mashauri yao, hata pombe ya ndizi inavyopikwa hatua kwa hatua, akamaliza 1945. Hakupata mchapishaji. Mwishowe akaigeuza kazi yote kwa Kiswahili yeye mwenyewe, Tanzania Publishing House wakaichapa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kama Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Yeye alifariki 1981. Wageni wameitafsiri kwa Kijerumani, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Waulize watoto wa hapa ziwani kama wameiona.

Tuanzie wapi? Usianze kwa kununua vitabu. Anza na kikoba, kwa sababu kusoma kwa pwani hii kulianza kwa kundi, na kwa kundi ndiko kutarudi. Mna katiba ya kikoba. Nina hakika wengi waliitia sahihi kama walivyoutia sahihi mkataba ule. Kila mkutano, kabla hisa hazijahesabiwa, tengeni dakika 15. Mmoja anasoma kifungu kimoja kwa sauti. Wa pili, ambaye hakushika karatasi, anakieleza kwa maneno yake mwenyewe. Wa tatu anauliza, “Na ikiwa hivi, itakuwaje?” Mkikwama mnarudi kwenye maandishi, hamkimbilii kwa anayejifanya anajua. Msomaji abadilike kila wiki, na yule anayeona haya kusoma mbele za watu apewe kifungu chake siku mbili kabla akajizoeze nyumbani. Miezi miwili mtakuwa mmemaliza katiba na mtashangaa mtakavyogombana juu yake. Ugomvi huo ni mzuri, uacheni uendelee. Kisha wekeni sheria moja ya kikoba: mkataba wowote wa fedha unasomwa hivyohivyo, kifungu kwa kifungu, unalala usiku mmoja kwa mhazini, na hausainiwi siku uliyoletwa. Mkopeshaji anayekataa karatasi yake ilale usiku mmoja, mmeshamjua.

Mume wako umesema hasomi kitu. Kama anavua dagaa, basi siku za mbalamwezi yupo nchi kavu, karabai zimezimwa, anashona nyavu na kucheza bao. Hizo ni siku nyingi kila mwezi, nami sijui mfanyakazi wa ofisini aliyejaliwa muda kama huo. Usimpelekee kitabu cha adabu. Mpe gazeti la michezo, hata la wiki iliyopita, au kanuni za uvuvi ambazo askari wa doria wanamshikia, azisome mwenyewe ajue zinasema nini kuhusu nyavu zake. Mwanaume anayejua kifungu hazungumzi na doria kama asiyejua.

Kwa mtoto, kazi yako inaanza jioni ukichambua dagaa. Mikono yako ina kazi, masikio yako hayana. Akae karibu akusomee dakika 20, na wewe usisahihishe matamshi. Uliza tu: “Kwa nini alifanya hivyo?” au “Wewe ungefanyaje?” Akisema haijaandikwa, mwambie arudi juu. Usimnyang'anye simu kwa hasira, iwekwe mbali kwa dakika hizo, na yako pia. Maktaba ya mkoa ipo mjini, kujiunga si gharama ya kukutisha, na pale kuna utulivu ambao nyumba ya vyumba viwili haiwezi kuutoa. Vitabu vya mtumba mjini vinapatikana kwa bei ya fungu la dagaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa katika nchi 27 ukiongozwa na Mariah Evans, ulionyesha kuwa watoto waliokulia kwenye nyumba yenye vitabu walifika mbali zaidi shuleni hata pale wazazi wenyewe walipokuwa na elimu ndogo, na hata vitabu 20 tu vilileta tofauti. Ishirini, dada. Kwa kitabu kimoja kila mwezi unafika huko kabla hajamaliza kidato cha nne.

Kiingereza au Kiswahili? Kiswahili kwanza, na wala usione haya mtu akikwambia unamrudisha nyuma. Pumzi ya kusoma hupatikana katika lugha ambayo mtoto anaicheka na kuililia. Akishaipata anaihamishia Kiingereza, na Kiingereza chake kitakuwa bora kuliko cha mwenzake aliyekariri. Baada ya miezi sita mwongezee hadithi fupi za Kiingereza, nyepesi kuliko za darasa lake, asome za kumaliza si za kuteseka. Wala usimwambie ni kwa ajili ya mtihani.

Lakini kwa wiki hii usinunue chochote. Mkataba ule unao, chapisha nakala kwenye karatasi. Keshokutwa mkienda Benki Kuu mtaulizwa maswali, na itabidi mmoja wenu awe anaijua karatasi yote, si kifungu cha 7 peke yake. Leo jioni mpe mwanao akusomee kurasa zote nne, polepole, ukichambua dagaa. Atakapofika ukurasa wa tatu usimwambie kitu. Mwache aione mwenyewe.